Msusi wa Yangeyange

Mwalimu Lushinge alikuja saluni kwangu Kirumba
saa nne, wateja wawili wako chini ya drayari,
akaweka boksi la sabuni juu ya meza ya rangi za kucha.
"Dada Nkwimba, naambiwa hakuna mkono kama wako kwa mawimbi."
Nikadhani kaleta picha ya bibi harusi.
Akafunua.

Yangeyange.
Alinaswa na wavu uliotegwa kwenye matete huko Kayenze,
akafa maji, yeye aliyekula majini miaka yote.
Mwalimu amemchuna, amemsugua boraksi,
amemshibisha pamba ya Kwimba.
Kila ndege huruka kwa ubawa wake, tunasema;
huyu sasa anasimama kwa waya wa sengenge,
anakwenda kabatini, darasa la baiolojia.

"Tatizo ni haya," akasema,
akayagusa manyoya ya mgongoni, yale marefu,
membamba kama uzi wa kushonea,
ambayo majira ya kutaga huchipuka
na ncha zake huinuka, kope za mwali.
Haya yalikuwa yamelala. Yamenyooka, yamegandana,
kama nywele za mtu aliyeamshwa usiku kwa habari mbaya.

Nikawaambia wateja, subirini.
Mama Ng'washi akanung'unika, ana kikao cha vikoba.
Nikabandika birika.

Nikufundishe, maana mimi hakuna aliyenifundisha:
usitumie pasi ya nywele. Nilijaribu kwenye unyoya mmoja
ulioanguka, na harufu iliyopanda naijua tangu najifunza kazi;
nywele na unyoya vikiungua hulia kilio kimoja.
Tumia mvuke. Upumulie unyoya pumzi ya birika
hadi uti wake ulegee,
kisha pitisha mgongo wa mkasi chini yake,
kidole gumba juu, kuanzia katikati kwenda nchani.
Usikaze. Unyoya hausemi "aah, unaniumiza",
unakatika tu.
Utauona unajikunja wenyewe.
Ushike hapo. Hesabu ishirini.
Ukipoa, umekubali.

Wa kwanza niliupinda mno, ukawa ndoana.
Wa pili, mkia wa jogoo.
"Kidogo tu," akasema Mwalimu,
"kama mtoto anayetaka kuuliza swali, halafu akaacha."
Wa tatu ukakaa.

Yalikuwa thelathini na manne.
Baada ya la kumi na nane
nikajisikia nazungumza naye:
"Inamisha shingo kidogo, mama. Hivyo hivyo."
Mkono ukasimama.

Nimewahi kutengeneza kichwa kisichoinama nilipokiomba.
Bugando, chumba cha maiti, mdogo wangu Kabula.
Walinipa nusu saa.
Nywele za mbele tu, alizopenda ziwe na mawimbi,
na umeme haukuwepo, na maji yalikuwa baridi,
na mawimbi hayakushika.
Nikamfunga kitambaa cha zambarau.
Watu wote wakasema kapendeza.
Sijamwambia yeyote kwamba chini ya kile kitambaa
kazi haikuisha.

"Dada, birika," akasema Mama Ng'washi.
Kweli, lilikuwa linapiga mluzi.
Kumi na tisa. Ishirini.

Saa saba nikamgeuza kwenye mwanga wa mlangoni.
Mwalimu akamzunguka, akachuchumaa, akavua miwani.
"Umesahau mmoja."
"Sijasahau."
Ule wa pembeni, wa kushoto, niliuacha ulale.
Alitaka kuuliza kitu, halafu akaacha.

Bei? Nikamtajia ya nywele za mbele, nusu kichwa.
Akalipa, akampakata ndege kwenye bodaboda,
mimi nyuma yake napiga kelele,
"Usipite Mwaloni na upepo huu! Pita juu!"

Mama Ng'washi alikuwa ameshakaa kwenye kiti,
kilemba mapajani, kikao keshakisahau.
"Mimi," akasema, "nifanyie kama yule."
Nikaongeza maji kwenye birika.